Nilivyolinda Vidole vya Mama Mchungaji

Kosa lilikuwa langu. Nimelikubali mbele ya afisa wa uhamiaji, mbele ya mume wa Mama Mchungaji na mbele ya wadogo zangu wote watatu, kwa hiyo sioni haya kulikubali na hapa. Mimi ndiye niliyemwita Mama Mchungaji aje kubangua korosho za harusi, wakati zimebaki siku tisa tu aende kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kibali chake cha kuishi nchini.

Anayezijua korosho ameshaelewa. Asiyezijua nitamweleza.

Mimi ni mtoto wa kwanza kwa wazazi wetu. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nikaacha shule nikiwa kidato cha pili na kurudi Lionja, kwa sababu nyumba yenye watoto watatu haiwezi kukaa bila mtu mzima, hata kama mtu mzima mwenyewe ana miaka kumi na sita. Nikalima, nikauza vitumbua, nikafokea watu. Nilipofika miaka ishirini nilipata kazi ya nyumbani kwa wamisionari wawili waliokuwa wamehamia Mtua, mume na mke, kutoka nchi ya mbali yenye baridi. Kazi ilikuwa ya miezi mitatu. Sasa ni mwaka wa kumi na tano.

Yeye Baba Mchungaji alikuwa akihubiri Jumapili kwa watu wachache, na siku nyingine sita akitengeneza pampu za visima kwa watu wote. Mama alifundisha ushonaji chini ya kibanda cha bati. Wasichana walikuja, wakajifunza kushona, adhana ikilia wakaenda kuswali, wakarudi kumalizia pindo. Mimi mwenyewe ni Mwislamu, na tangu mwaka ule wa kwanza hakuna aliyeniuliza tena kama nina mpango wa kubadilika. Baba alikuwa amejifunza Kiswahili kitabuni, akakisema kama hotuba. Mama alikuwa amekiokota sokoni, kikiwa kimechanganyika na Kimwera, na watu walimwelewa yeye zaidi.

Kila baada ya miaka miwili ulikuja msimu wa makaratasi. Ndani ya nyumba palitafutwa vyeti, mihuri, nakala za nakala, na miwani ya Baba ya kutafutia hivyo vyote. Safari hii msimu ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu pasipoti zao nazo zilifika mwisho mwaka huo huo. Pasipoti mpya zikaja zikiwa na namba mpya, na kwa hiyo kila karatasi iliyokuwa na namba ya zamani ilibidi ianze maisha upya.

Picha walipigia Ruangwa, kwa mdogo wangu anayenifuata, ambaye ana steshenari karibu na stendi. Huyu nilimsomesha mpaka akafika mahali pa kunisahihisha mimi ninapoongea. Anatoa nakala, anapiga picha, anawajazia watu maombi kwenye mtandao, na anapenda sana neno "mfumo".

"Baba, mfumo hautaki mtu anayecheka," alimwambia Baba Mchungaji.

"Sicheki," alisema Baba.

"Unacheka."

"Huu ndio uso wangu."

"Basi uondoe."

Baba akajitahidi. Alikunja midomo, akakaza macho, na mtoto wa mteja aliyekuwa akisubiri nakala ya cheti akaanza kulia. Picha ilikubaliwa na mfumo. Mama alipoiona alisema amekaa na mtu huyu miaka arobaini na hajawahi kumwogopa mpaka leo.

Barua ya utambulisho ilitoka kwa mtendaji wa kijiji. Mwalimu wa madrasa, ambaye ni jirani yetu ukuta kwa ukuta, alisema naye ana neno la kuongeza kama jirani. Akaandika kwa mkono wake kwamba amekaa na mmisionari huyu miaka kumi na mitano kwa amani, pampu ya msikiti ameitengeneza mara nne, na msikiti huo hajaupunguzia muumini hata mmoja. Baba alipoisoma alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaisoma tena.

Wakati makaratasi yanakusanywa ndipo ikaja barua kutoka makao makuu ya kanisa lao, huko kwao. Mama alinisomea jikoni, anatafsiri polepole. Iliandikwa kwa upole mwingi. Ilisema umri umesogea. Vibali vikipatikana safari hii, vema, watumikie miaka miwili mingine. Lakini vikikwama, au vikipita tarehe, wasihangaike kuomba upya. Warudi wapumzike. Walikuwa wameshawatengea chumba katika nyumba ya wazee, ghorofa ya pili, dirisha linatazama maegesho ya magari.

"Maegesho," alisema Mama, akaikunja barua. "Nimetazama mikorosho miaka kumi na mitano, halafu nikafie kwenye maegesho."

"Mama, hujafa bado."

"Bado. Huko nitakufa kwa kukaa."

Kibali cha mmoja kikikwama wangeondoka wote wawili. Baba alisema hawezi kubaki bila mke wake, na hakuna aliyebisha, maana sote tulikuwa tumewahi kunywa chai aliyopika.

Basi, hapo ndipo nilipomwita kwenye korosho.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaolewa. Alikuwa na miaka mitano tulipobaki wenyewe, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama kama mama yake, na nilitaka kila kitu kiende kama ambavyo mama angefanya. Kwetu korosho za harusi hazinunuliwi zikiwa tayari. Wanawake wa upande wa bibi harusi hukaa uani wakazikaanga na kuzibangua wenyewe, moja moja, na siku hiyo husemwa yale maneno ambayo hayasemwi mbele ya wanaume. Mama Mchungaji alikuwa amemfundisha bibi harusi kushika sindano. Ningemwachaje?

Ganda la korosho likipata moto hutoa mafuta meusi. Mafuta hayo yanawaka, yanatoa moshi wa kukimbiza kuku, na yakigusa ngozi yanaichuna. Kwa hiyo tunapaka majivu mikononi kabla ya kushika, tunaendelea kupaka, na mkono hauoshwi mpaka kazi iishe. Mgeni akija kukusalimia unampa kifundo cha mkono, anakishika, mmesalimiana, unaendelea.

Mama alikuja Lionja na glavu zake za bustani. Akaangalia uani, akaona wanawake kumi na wawili mikono mitupu, akazirudisha kwenye mkoba.

"Sikuja kuwapima kama daktari," alisema.

Akapaka majivu vizuri kabisa, akakaa kwenye mkeka, akashika jiwe. Kwa nusu saa hakuna aliyebangua vizuri kuliko yeye. Lakini nyumba ya harusi haiishi wageni, na kila mgeni alipoingia, Mama alinyanyuka, akanawa kwa sabuni, akafuta mkono, akampa mgeni mkono mzima, safi, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja. Kisha akarudi mkekani na kushika korosho, majivu ameyasahau.

"Mama, toa kifundo," shangazi yangu alimwambia.

"Kifundo ni kama ninamnyima mkono."

"Sasa hunyimi. Ila utajuta."

Nilimwona. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilimwona mara ya tatu akinawa, nikamwona mara ya nne, nikasema nikimaliza hili nitamwambia. Halafu nikaitwa kuangalia wali.

Harusi ilikuwa nzuri. Siku ya tatu baada ya ile kazi, ncha za vidole vya Mama zilikuwa nyeusi. Siku ya sita ngozi ikaanza kubanduka kama maganda ya kitunguu, na chini yake palikuwa pekundu na pamelainika, pamenyooka kama kioo. Hakumwonyesha mtu. Alitembea mikono imo kwenye mifuko ya gauni, na mimi nilidhani ni baridi ya asubuhi, katika mwezi ambao wilaya yetu ya Nachingwea haina baridi asubuhi wala jioni.

Siku ya miadi tulikwenda Lindi kwa pikapu ya Baba. Tulipitia Ruangwa kumchukua mdogo wangu na faili lake, kwa sababu alisema bila yeye hatutaelewana na mfumo, tukapita Nanganga tukashika lami kubwa. Ofisini tulipokelewa vizuri. Afisa alikuwa dada mdogo mdogo mwenye sare iliyopigwa pasi ikakaa. Vidole vya Baba viliingia vyote kumi bila ubishi. Akaitwa Mama.

Taa ya mashine ikawaka nyekundu. Afisa akafuta kioo. Nyekundu. Akampangusa Mama vidole kwa kitambaa laini, akavibonyeza yeye mwenyewe kimoja kimoja. Nyekundu. Mwishoni akaushika mkono wa Mama, akaugeuza kuelekea dirishani, akautazama kwa muda.

"Mama, umebangua korosho?"

Mama akanitazama mimi.

"Kidogo," alisema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Harusi moja."

Afisa akaweka mkono wake juu ya meza taratibu, kama mtu anayejizuia kucheka akiwa kazini. "Mimi ni wa huku huku," alisema. "Bibi yangu kila msimu alikuwa na vidole hivi. Mashine haina shida, mama, na makaratasi yako hayana shida. Ila hapa hakuna alama ya kuchukua. Ni kama umetuletea ukurasa mtupu."

"Zitarudi?" Baba aliuliza. Sauti yake haikuwa ya hotuba.

"Zitarudi. Wiki tatu, akiiacha ngozi ipumzike." Akatazama kibali cha zamani. "Na hapa mna siku ishirini na tatu. Zinatosha, ila hakuna nafasi ya kuchezea. Nani anashinda naye nyumbani?"

"Mimi," nilisema. "Na mimi ndiye niliyemwita kwenye korosho."

"Basi dada, kazi ni yako. Asioshe chombo. Asifue. Asishike jembe, wala jiwe, wala sabuni ya mche. Mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Unamweza?"

Kabla sijajibu mdogo wangu akadakia. "Afande, huyu ametulea sisi watatu kwa sauti tu. Anamweza."

Tulirudi mpaka Nanganga. Baba alisimamisha gari tukanunua machungwa, na Mama akachukua moja na kuanza kulimenya kwa kucha. Nililichukua mkononi mwake. Nikalimenya mimi, nikampa kipande kimoja kimoja mdomoni, na Mama akala huku ananitazama kwa hasira, na Baba akageukia dirisha la upande wake mabega yakimtikisika.

"Siku ya kwanza hiyo," mdogo wangu alisema. "Zimebaki ishirini na mbili."

Asubuhi iliyofuata nilianza. Nilikata kipande cha khanga kuukuu, nikawapa wasichana wa ushonaji, wakashona mifuko miwili midogo yenye kamba. Nilimpaka Mama mafuta, nikaingiza mkono mmoja mmoja mfukoni, nikafunga kamba kwenye kifundo. Alionekana kama bondia aliyetoka kwenye harusi.

"Nitashikaje kikombe?"

"Kwa mikono miwili."

"Nitafundishaje kushona?"

"Kwa mdomo."

Wasichana walifurahi mno. Kwa kawaida Mama akiona mshono umepinda anaufumua hapo hapo. Sasa aliweza tu kuusema, na mshono ukisemwa tu haufumuki.

Kazi zake zote zingine zilinipata mimi, na zile nilizozidiwa zilimpata Baba. Baba alikuwa na moyo, hilo sitamnyima. Alipika ugali ukawa uji, akaongeza unga ukawa tofali. Alifua nguo zake za Jumapili pamoja na khanga mpya nyekundu, na shati lake jeupe la kuhubiria likatoka pinki. Hakuwa na lingine lililokauka, akalivaa. Habari zilikuwa zimeshafika Mtua nzima tangu Jumamosi kamba ya nguo ilipoonekana, na Jumapili ile kanisani walikuja watu wengi kuliko sikukuu, wanne kati yao wakiwa Waislamu waliosema wanapita tu. Baba alihubiri vizuri. Hakuna aliyesikia neno.

Shida ilikuwa Mama mwenyewe. Hakujua kukaa. Ukimwacha sebuleni unamkuta jikoni, amefungua kamba kwa meno na mkono umo kwenye beseni la vyombo. Ukimtoa jikoni anakwenda kuchambua mchele. Mara mbili kwa siku nilimwambia yale yale niliyokuwa nikiwaambia wadogo zangu: kaa hapo, usinyanyuke mpaka nirudi, na nikirudi nitajua. Wadogo zangu walikuwa wakiogopa sehemu ya mwisho. Mama hakuogopa sehemu yoyote.

Ikabidi niwaombe majirani. Sikulazimika kuomba sana. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia habari ya dirisha la maegesho, na kila mtu aliingia kazini. Nikiwa sokoni simu ililia, mama muuza dagaa akaniambia mtu wangu yuko bombani ananing'iniza ndoo kiwikoni. Siku nyingine nilikuwa nafua, nikasikia mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta, kikohozi cha kuitia mtu.

"Dada," mwalimu wa madrasa alisema kwa sauti ya chini, "Mama yuko nyuma ya choo. Anang'oa majani."

Nilikwenda nikamkuta amepiga magoti. Mwalimu naye alikuwa amesimama ukutani, kofia yake tu na macho vinaonekana.

"Mwalimu," Mama alisema, "hata wewe?"

"Mama, mimi nimeshaandika barua. Usije ukanifanya mwongo."

Wiki ya pili mvua ya kwanza ikanyesha. Aliyewahi kulima anajua hali hiyo. Huwezi kukaa ndani. Kila nyumba ilitoka na jembe na mbegu, na Mama akasimama mlangoni na mifuko yake ya khanga, anavuta hewa. Nilimhurumia. Mchana nikamkosa. Nilimpata ukingoni mwa shamba, kandambili amezivua. Alikuwa anatoboa udongo kwa kisigino, anadondosha mahindi kutoka kwenye kopo alilolibana kwapani, anafukia kwa vidole vya miguu.

"Sijagusa kwa mikono," alisema kabla sijafungua mdomo.

Nikafikiri. Chombo, nguo, jembe, jiwe, sabuni ya mche. Afisa hakuwa ametaja miguu. Nikakaa kwenye tuta nikamwacha amalize mistari mitatu, na mahindi yale yaliota yakiwa yamepinda kama mtu aliyetembea huku anaongea na simu.

Mdogo wangu alikuwa amenipa kidau cha wino wa mihuri na karatasi, tuwe tunapima. Kila asubuhi kabla ya mafuta, Mama alibonyeza kidole kimoja, cha shahada, na mimi nikabandika karatasi kwenye ukuta wa jiko. Siku za kwanza ilitoka doa jeusi, jeusi tupu. Siku ya nane palionekana vijistari viwili pembeni. Siku ya kumi na mbili vikawa vingi, vyembamba, vimepindana. Wageni waliokuja kusalimia walipelekwa jikoni kwanza kutazama ukuta, wakatikisa vichwa na kutoa maoni yao. Shangazi yangu alikuja kutoka Lionja akasema ile ya siku ya kumi na mbili inafanana na shamba lake.

Kulikuwa na siku moja isiyochekesha. Siku ya kumi na tatu na ya kumi na nne mistari haikuongezeka. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, Baba amekwenda Ruangwa kutengeneza pampu, na Mama akaanza kunipangia cherehani. Ile kubwa apewe nani, ile ya mkono apewe nani, ile mbovu ipelekwe wapi.

"Zikae zilipo," nilimwambia.

"Binti, lazima mtu ajue. Vidole vikikataa je?"

"Havitakataa."

"Unajuaje?"

Sikujua. Nilisema tu. Miaka ile nilipowaambia wadogo zangu kwamba kesho kutakuwa na chakula, nilikuwa sijui pia. Niliwaambia kwa sauti hiyo hiyo, kisha nikaenda kukitafuta. Lakini chakula unaweza kukitafuta. Ngozi ya mtu utaitafuta wapi?

"Tuingie ndani," nilisema. "Saa ya mafuta."

"Nimeshapakwa asubuhi."

"Utapakwa tena."

Akanyoosha mikono. Nilimpaka polepole, na wala hakusema tena habari za cherehani.

Siku ya ishirini na moja, siku mbili kabla ya mwisho, tulirudi Lindi. Karatasi ya asubuhi hiyo ilikuwa na mistari kama ya mtu yeyote. Mama alikaa mbele, mikono imewekwa juu ya mto mapajani, na Baba aliendesha kama amebeba mayai. Mdogo wangu alipanda Ruangwa na faili lake na kwa mara ya kwanza hakusema lolote kuhusu mfumo.

Afisa alikuwa yule yule. Alifungua kamba za khanga mwenyewe, akageuza vidole kwenye mwanga, akaniangalia akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mkono wa kushoto, vidole vinne: kijani. Dole gumba: kijani. Mkono wa kulia, dole gumba, kidole kidogo, cha pete, cha kati: kijani, kijani, kijani, kijani.

Cha shahada: nyekundu.

Akafuta kioo. Nyekundu. Akakigeuza kidole kushoto kidogo, kulia kidogo. Nyekundu.

"Asubuhi kilikubali," nilisema. "Nina karatasi."

Afisa akakisogeza karibu na macho yake. "Hapa katikati pana vitobo. Vitatu, vinne. Vipya. Mama, hiki umekifanya nini?"

Mama akatazama sakafu.

"Nimeshona kifungo," alisema.

"Lini?" niliuliza mimi.

"Leo asubuhi, wewe ulipokwenda kubandika karatasi. Kifungo kimoja tu, cha shati la Baba."

"Lipi?"

"Lile la pinki. Nilitaka avae kitu kizuri aje kunisindikiza."

Baba akajitazama kifuani, kwenye kifungo cha tatu, akakifunika kwa kiganja.

Hapo nilisahau nilipo. Nilimwambia Mama kwamba wiki tatu nzima nimefua, nimepika, nimeosha, nimesimama mlangoni kama askari, mwalimu wa madrasa ameacha vipindi vyake kuchungulia ukutani, mama wa dagaa ameunguza dagaa, watu wazima wamevalia njuga vidole kumi, na yeye kwa ajili ya kifungo, kifungo kimoja, anataka akakae dirishani kuhesabu magari ya watu. Niliongea kwa sauti ile ya Lionja. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama katikati ya foleni nyuma yetu alikaa chini.

Afisa alingoja nimalize.

"Dada," alisema, "kwenye fomu sijaona jina lako. Wewe ni nani wake?"

Mfanyakazi lilikuwa jibu la kweli, lakini mfanyakazi hamwambii mwenye nyumba maneno niliyokuwa nimetoka kuyasema.

"Ni mkubwa wangu," alisema Mama.

Mdogo wangu akageukia ukuta. Afisa akaandika kitu kwenye karatasi yake, sijui kama alikiandika kweli au alikuwa anaficha uso. Kisha akatoa kopo dogo la mafuta kwenye droo yake, akapaka tone moja kwenye kidole cha Mama, akakifunika kwa viganja vyake viwili, akasema tungoje dakika kumi kipate joto, yeye ahudumie wengine. Hakuna mtu wa foleni aliyesogea. Walisema wao hawana haraka.

Dakika kumi zilikuwa ndefu. Mama alikaa na kidole amekikumbatia. Hakuniangalia, na mimi sikumwangalia. Baada ya muda alinisogezea mkoba wake kwa kiwiko, nimshikie, nikaushika.

Afisa akarudi. Akafuta mafuta kwa kitambaa, akaweka kidole kwenye kioo, akakibonyeza taratibu, akashikilia.

Taa ikafikiri. Ikawa kijani.

Foleni nzima ilipumua, na yule mzee akanyanyuka akadai nafasi yake.

"Nendeni nyumbani," afisa alisema. "Jibu litakuja kwenye simu. Na dada, mfunge tena mikono mpaka lije. Mfumo ukitaka kurudia, tusije tukakuta amefuma zulia."

Siku ya kwanza haikuja kitu. Siku ya pili, iliyokuwa ya mwisho kabisa, Baba alikaa uani tangu alfajiri na simu gotini, na masanduku mawili yalikuwa yamefunguliwa chumbani ingawa hakuna aliyeweka kitu ndani. Saa nane mchana simu iliyolia ilikuwa yangu. Alikuwa mdogo wangu kutoka Ruangwa, kwa sababu maombi yote yalijazwa kwa namba yake.

"Dada, kwa mujibu wa mfumo," alianza, "ombi husika limefanyiwa tathmini, na kutokana na kukidhi vigezo..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo. Wote wawili. Miaka miwili."

Nilimwambia anisomee tena, neno kwa neno, na vigezo vyake vyote. Akasoma. Nikatoka nje nikamwambia Baba, naye akainama akashika kichwa kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Akainuka, akaingia chumbani, nikasikia masanduku yanafungwa, moja, halafu la pili.

Mama alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mifuko ya khanga mikononi, alikuwa amesikia kila kitu. Alininyooshea mikono. Nikafungua kamba ya kulia, nikafungua ya kushoto. Akavitazama vidole vyake, akanipita, akaingia jikoni, akamimina maji kwenye beseni, akakata kipande cha sabuni ya mche. Akaosha vyombo vyote vya mchana. Vilipoisha akashusha vilivyokuwa safi kwenye kabati, akaviosha na hivyo. Mimi nikakaa mahali pake kwenye ngazi, nikavua kandambili, nikamwacha.